Sekondari ya mtoto Grantham na Lincolnshire: maswali ya wazazi wanaohamia

Maswali haya ni ya wazazi wanaozungumza Kiswahili waliohamia, au wanaojiandaa kuhamia, Grantham. Ni mji wa soko ulioko kusini mwa Lincolnshire, saa moja na dakika chache kwa treni kutoka London. Wengi wameletwa na kazi za hospitali na za kulea wazee. Wauguzi kutoka Kenya, kwa mfano, wamekuwa na njia rasmi tangu serikali mbili zilipotia saini mkataba wa wahudumu wa afya Julai 2021. Majibu mengi yanafaa pia kwa anayekwenda Sleaford, Boston, Spalding au Bourne, maana sehemu kubwa ya kaunti inafuata utaratibu unaofanana. Anayekwenda Leicester au London asome kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa huko suala la mchujo, yaani mtihani wa kuwagawa watoto kwenye shule wakiwa na miaka 11, ni tofauti kabisa.

Nina viza ya kazi tu. Mwanangu atasoma bure?

Ndiyo. Mtoto anayeishi Uingereza kama tegemezi wa mwenye viza ya kazi ana haki ya kusoma shule ya serikali bila ada. Ule muhuri unaosema huna ruhusa ya kupokea fedha za umma hauhusu elimu ya shule. Kuna mama aliyekaa na mtoto nyumbani miezi kadhaa akidhani akimwandikisha ataharibu viza yake. Si kweli, na kwa kweli sheria inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anasoma.

Angalizo moja: tangu tarehe 11 Machi 2024 mlezi wa wazee aliyeomba viza mpya ya kazi hiyo hakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 viza hiyo haitolewi tena kwa anayeomba akiwa nje ya nchi. Muuguzi aliyesajiliwa bado anaruhusiwa. Hakikisha hilo kabla hujamwahidi mtoto safari.

Shule za binafsi zipo pia, lakini ada zake ni nzito, na tangu Januari 2025 zinatozwa VAT ya asilimia 20 juu yake. Sitazizungumzia tena hapa.

Amemaliza darasa la saba Mwanza. Ataanza kidato cha kwanza?

Hapa darasa hufuata umri, si mtihani aliofaulu. Aliyetimiza miaka 11 kabla ya tarehe 1 Septemba huanza Mwaka wa 7, ambao ndio mwaka wa kwanza wa sekondari. Aliyetimiza 12 huingia Mwaka wa 8, na kuendelea hivyo hadi Mwaka wa 11, anapofanya GCSE, mitihani ya taifa ya kila somo, akiwa na miaka 15 au 16. Kurudia darasa karibu hakupo. Basi mtoto wa miaka 13 aliyetoka darasa la saba huenda akaingizwa Mwaka wa 9 moja kwa moja, pamoja na watoto walioanza sekondari miaka miwili kabla yake.

Wazazi wengi hushtuka wakisikia hivyo. Nakusihi usipigane na mwaka aliopangiwa, pigania msaada ndani ya mwaka huo. Beba ripoti zake za shule, hata zilizoandikwa kwa mkono, uzipeleke. Hisabati ya watoto wetu mara nyingi iko vizuri, na mwalimu asipoiona kwenye karatasi anaweza kumweka kundi la chini kwa sababu tu Kiingereza chake bado hakijakaa sawa. Karibu shule zote huwagawa wanafunzi kwa makundi ya uwezo katika hisabati, na ukishawekwa kundi la chini kupanda huchukua muda.

Nasikia Lincolnshire bado ina mchujo. Ni kweli?

Ni kweli, na hili ndilo jambo la kwanza la kulielewa kuhusu mji huu. Sheria ya Elimu ya 1944 ilifanya sekondari kuwa bure kwa wote, na ikawaacha watoto wagawanywe wakiwa na miaka 11: waliofaulu mtihani walikwenda shule za grama, wengine shule za kawaida. Mwaka 1965 serikali ya Labour ikazitaka halmashauri ziachane na mgawanyo huo, na sehemu kubwa ya nchi ikafanya hivyo. Lincolnshire, pamoja na Kent, Buckinghamshire na maeneo mengine machache, ilibaki nao. Shule za grama zilizosalia England yote ni 163, na sheria ya 1998 imezuia kuanzishwa nyingine mpya.

Grantham ina mbili. Ya wavulana ni The King's School, iliyopewa mali na Askofu Richard Foxe mwaka 1528. Jengo lake la kale bado lipo karibu na kanisa la St Wulfram's, lile lenye mnara uliochongoka unaouona ukiwa bado mbali barabarani. Ya wasichana ni Kesteven and Grantham Girls' School, iliyofunguliwa mwaka 1910. Margaret Thatcher, binti wa muuza duka wa mji huu, alisoma hapo kabla ya kwenda Oxford kusomea kemia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba alipokuwa Waziri wa Elimu, kati ya 1970 na 1974, shule nyingi ziliendelea kuacha mchujo chini ya saini yake.

Shule zisizo na mchujo, ambazo huchukua wavulana na wasichana pamoja, ni kama The Priory Ruskin Academy na Walton Academy. Zote, za mchujo na zisizo na mchujo, ni za serikali na hazina ada.

Mtihani wenyewe ukoje? Nimtafutie twisheni?

Ni karatasi mbili, na hazipimi alichosoma darasani. Moja ni ya kufikiri kwa maneno, kwa mfano kupata neno lisilofanana na mengine au kufumbua msimbo wa herufi. Nyingine ni ya kufikiri kwa maumbo na michoro. Hufanyika Septemba, mwanzoni kabisa mwa Mwaka wa 6, na alama hurekebishwa kulingana na umri ili aliyezaliwa Agosti asionewe. Anayepata jumla ya 220 au zaidi amefaulu. Kufaulu, hata hivyo, si kupata nafasi. Shule ikijaa, umbali wa nyumba yako na vigezo vingine ndivyo vinavyoamua.

Mtoto lazima asajiliwe mapema, na usajili hufunguliwa akiwa bado Mwaka wa 5. Watoto wetu wengi hukosea hapa, na si kwa kukosa akili. Ni kwa sababu hakuna aliyemwambia mzazi. Shule ya msingi si lazima ikukumbushe. Kama mwanao ana miaka tisa au kumi na umefika mwaka huu, fungua tovuti ya shule ya grama unayoitaka leo hii.

Kuhusu twisheni: wapo wazazi wanaolipa kuanzia Mwaka wa 4, na hilo linanisikitisha, maana mtihani uliokusudiwa kupima akili umekuwa unapima pia mfuko wa mzazi. Lakini huhitaji kulipa. Mtoto anachohitaji ni kuzoea aina ya maswali na kasi yake, na vitabu vya mazoezi vipo maktabani na kwenye maduka ya vitu vya mitumba. Nusu saa mara tatu kwa wiki, kuanzia Pasaka, humsaidia mtoto zaidi kuliko kumkesha Agosti. Karatasi ya maneno ndiyo ngumu kwa aliyekulia kwenye Kiswahili, kwa hiyo mpe vitabu vya hadithi vya Kiingereza asome kwa wingi.

Mtoto aliyefika baada ya mtihani hajafungiwa mlango. Shule za grama hupima wanaohamia katikati ya safari, kama zina nafasi katika mwaka husika. Piga simu uulize.

Hakufaulu. Ndiyo basi?

Hapana, na naomba mtoto asikusikie ukisema hivyo. Katika jamii zetu habari husambaa haraka: wa fulani kaingia King's, wa fulani kakosa. Mtoto wa miaka 11 anabeba aibu ambayo si yake.

Angalia mfumo wenyewe. Mitihani ya GCSE ni ile ile kwa shule zote. Mwenye alama ya 7 katika fizikia kutoka shule isiyo na mchujo ana 7 sawa na ya aliyetoka grama. Kisha akiwa na miaka 16 mlango unafunguliwa tena, maana shule za grama hupokea wanafunzi wapya wa kidato cha tano kwa kuangalia matokeo ya GCSE, si ule mtihani wa utotoni. Wapo wanaochagua kubaki kwenye shule yao kama ina kidato cha tano na sita, na wapo wanaokwenda Grantham College kusomea fani kama uhandisi, huduma za afya au kompyuta.

Mwanafunzi mashuhuri kuliko wote wa mji huu alikaribia kupotea vibaya zaidi. Isaac Newton alizaliwa Woolsthorpe, kama kilomita 11 kusini mwa hapa, akaja King's akiwa na miaka 12, akapanga kwa muuza dawa mmoja mjini. Mwanzoni alikuwa karibu na mkia wa darasa. Alipokuwa kijana mama yake alimwondoa shule akalime, na shamba likamshinda. Mwalimu mkuu, Henry Stokes, ndiye aliyemshawishi mama amrudishe, na mwaka 1661 Newton akaingia Trinity College, Cambridge. Jina lililochongwa kwenye kingo ya dirisha la shule linaaminika kuwa la mkono wake. Kila mara ninapoona watalii wakiipiga picha sanamu yake, humwaza Stokes, mwalimu aliyefunga safari kwenda kumwombea mtoto kwa mzazi wake.

Fomu inajazwaje, na mwisho ni lini?

Mwisho ni tarehe 31 Oktoba mtoto akiwa Mwaka wa 6, na jibu hutoka tarehe 1 Machi au siku ya kazi inayofuata. Unaomba kwa halmashauri ya Lincolnshire kupitia tovuti yake. Matokeo ya mchujo hutoka kabla ya siku hiyo ya Oktoba, hivyo unajaza ukijua alama.

Jaza nafasi zote ulizopewa. Kuweka shule moja pekee hakuishinikizi serikali ikupe hiyo. Ukiikosa utapewa popote palipobaki, hata kama ni mwendo wa basi wa saa nzima. Ziweke kwa mpangilio unaoutaka kweli, kwa sababu shule haziruhusiwi kujua umeziweka ya ngapi. Weka grama ya kwanza kama ndiyo unayoitaka, bila hofu kwamba shule ya pili itakasirika. Ukikataliwa una haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru, na unaruhusiwa kwenda na mtu wa kukusaidia kuzungumza.

Mwanangu amefika akiwa na miaka 15. Nifanye nini?

Hii ndiyo hali ngumu kuliko zote. Kozi za GCSE huanza Mwaka wa 10. Anayeingia Mwaka wa 11 mwezi Januari ana miezi minne tu kabla ya mitihani, na vitabu vya fasihi ambavyo wenzake wamevisoma mwaka mzima hajawahi kuviona. Shule nyingine, kwa ukimya, hazina hamu ya kumpokea kwa sababu matokeo yake yanaweza kuhesabiwa kwao.

Omba mkutano, na uombe kwa maandishi. Uliza kama anaweza kuwekwa mwaka mmoja nyuma. Si kawaida, lakini shule ina uwezo wa kulikubali kwa sababu nzuri. Uliza kama anaweza kupunguziwa masomo, afanye matano au sita vizuri badala ya tisa vibaya. Kiingereza na hisabati viwe vya kwanza: alama huanzia 9 hadi 1, na 4 ndiyo ya kufaulu kwa kawaida. Asiyepata 4 katika masomo hayo mawili huendelea kuyasoma akiwa chuoni baada ya 16. Sheria inamtaka kijana abaki kwenye masomo au mafunzo ya kazi hadi atimize 18, na gharama za masomo hayo hubebwa na serikali.

Kama tayari ana cheti cha kidato cha nne cha Tanzania au KCSE ya Kenya, usikubali aanze upya bila kuuliza. Shirika la UK ENIC hutoa maelezo ya ulinganisho wa vyeti vya nje, na chuo kinaweza kuyatumia kumweka ngazi inayomfaa.

Tuache Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kishike?

Tafadhali msiache. Kiingereza cha mazungumzo atakipata ndani ya mwaka mmoja au miwili, uwanjani na kwenye basi, mtake msitake. Kile cha kuandikia insha ya historia huchukua miaka mingi zaidi, na hakiharakishwi na mzazi anayemsemesha mtoto kwa lugha ambayo yeye mwenyewe ameichoka baada ya zamu ya saa kumi na mbili. Mtoto anayeweza kueleza jambo kwa kina kwa Kiswahili ana msingi wa kulieleza kwa Kiingereza.

Bodi ya mitihani ya Cambridge ina mtihani wa Kiswahili wa IGCSE, ambayo ni GCSE ya kimataifa. Shule ndogo za miji ya soko hazina mwalimu wake, kwa hiyo itabidi muulize kituo cha mtihani mapema.

Hawachapi viboko. Nidhamu inatoka wapi?

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za serikali tangu 1987. Nidhamu ni kubakizwa baada ya masomo, kutengwa na darasa kwa siku, kusimamishwa, na mwisho kufukuzwa kabisa. Simu shuleni kwa kawaida hairuhusiwi kuonekana. Mtoto aliyezoea kusimama mwalimu anapoingia atawaona wenzake wanajibizana naye, akadhani hakuna mipaka. Mipaka ipo, ila haipigiwi kelele, na mgeni huigundua akiwa ameshaivuka. Mweleze mapema.

Upande wa nyumbani nasema kwa uzito. Mtoto akifika shuleni na alama mwilini, au akamwambia mwalimu kwamba anachapwa kwa mkanda, mwalimu hana hiari. Atampelekea taarifa mwalimu anayesimamia ulinzi wa watoto, naye anaweza kuita ustawi wa jamii au polisi. Familia nzuri, zenye upendo, zimeingia kwenye mateso hayo kwa kudhani wanamlea mtoto kama walivyolelewa. Usingoje hadi ufike huko.

Huenda akawa Mwafrika pekee darasani. Akionewa?

Hilo linawezekana sana, kwa kuwa miji hii wakazi wake wengi ni Wazungu. Watoto wengi hupokelewa vizuri, wengine huguswa nywele na kuulizwa maswali ya kuchosha, na wachache huitwa majina ambayo hakuna mtoto anayestahili kuyasikia. Shule inafungwa na Sheria ya Usawa ya 2010, na inatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu uonevu. Andika barua pepe siku ile ile, taja tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, na uulize watachukua hatua gani na lini. Mazungumzo ya getini husahaulika. Kwetu tumefundishwa kutomsumbua mwalimu, na heshima hiyo ni nzuri, lakini hapa ukimya wa mzazi husomwa kuwa hakuna tatizo.

Tunaweza kumtoa wiki mbili Desemba, nauli ikiwa nafuu?

Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu tu, na ruhusa hiyo hutolewa kwa sababu zisizo za kawaida, kama msiba. Nauli si sababu. Siku tano za kukosa bila ruhusa ndani ya wiki kumi za masomo zinatosha kukuletea faini ya pauni 80, au 160 ukichelewa kulipa zaidi ya siku 21. Hiyo ni kwa kila mzazi na kwa kila mtoto, kwa hiyo baba, mama na watoto wawili ni pauni 320 kwa kiwango cha chini. Nendeni Julai na Agosti, likizo ni ya wiki sita.

Sare, chakula na basi?

Sare ni koti, tai, suruali au sketi, na nguo za michezo. Vyenye nembo ndivyo ghali, vingine nunua dukani kokote. Karibu kila shule ina mauzo ya sare zilizotumika, na hakuna anayekucheka. Chakula cha bure hutolewa kwa kipimo cha kipato, na hata familia zenye viza isiyoruhusu fedha za umma zinaweza kuomba. Usafiri ni bure kama shule iliyo karibu inayomfaa iko zaidi ya maili tatu, karibu kilomita tano, kutoka nyumbani. Uliza hilo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba kijijini, kwa sababu basi la mwisho huondoka mapema kuliko unavyofikiri.

Sisi ni Waislamu. Itakuwaje?

Mzazi ana haki kisheria ya kumtoa mtoto kwenye ibada ya pamoja na hata somo la dini, ingawa somo hilo hufundisha dini nyingi, Uislamu ukiwemo, na wengi huwaacha wasome. Chumba cha kuswali na nyama halali hutegemea shule. Viombe. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mwandikie mwalimu wa darasa ili mwalimu wa michezo ajue.

Na chuo kikuu?

Hapa nimeona machozi. Mtoto asome bure miaka mitano, afaulu vizuri, kisha chuo kimwambie alipe ada ya mgeni, ambayo inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya ile ya mwenyeji, iliyokuwa pauni 9,535 mwaka 2025/26. Sababu ni kwamba mkopo wa serikali na ada ya mwenyeji kwa kawaida humtaka mwanafunzi awe na ukazi wa kudumu na awe ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kozi. Kuna njia nyingine kwa kijana chini ya miaka 18 aliyeishi hapa angalau miaka saba. Piga hesabu hiyo mtoto akiwa Mwaka wa 9, si wiki ya matokeo. Mafunzo ya kazi yenye mshahara nayo yana masharti yake ya ukazi, kwa hiyo yaulize mapema vilevile.

Tumefika juzi, katikati ya muhula. Kesho tuanzie wapi?

Andaa pasipoti ya mtoto au cheti cha kuzaliwa, barua inayoonyesha anwani yenu, kadi ya chanjo na ripoti za shule ya zamani. Fungua ukurasa wa halmashauri wa kuhamia shule katikati ya mwaka, uone ni shule zipi zinataka uombe kwao na zipi kwa halmashauri. Piga simu shule mbili au tatu, uliza kama Mwaka anaouhitaji una nafasi, na uombe kuitembelea na mtoto wakati masomo yanaendelea. Ripoti za wakaguzi wa Ofsted zipo mtandaoni na zisome, lakini tazama pia wanafunzi wanavyotembea kwenye korido kengele ikilia, na kama mwalimu anayewatembeza anawajua kwa majina. Mwache mtoto naye aulize maswali yake.